Habu ya USB si ekstensheni

Mwezi huu nimelisikia kosa hili la jina mara tatu. Mara ya mwisho ni juzi, kwenye steshenari ya dada mmoja kule Ng'ong'ona, hapa Dodoma, jirani na chuo: "Kaka, hii ekstensheni ya USB inanisumbua, inakatakata." Kilichokuwa mezani pake ni habu. Printa ilikuwa inampotea katikati ya kazi za wateja, na fundi aliyemtazamia kabla yangu alishamwambia anunue printa nyingine.

Habu ni kifaa kinachochukua tundu moja la USB la kompyuta na kukupa matundu kadhaa, mara nyingi manne. Maana yake ndiyo hiyo. Kinachotuponza ni jina tunalokibandika.

Ekstensheni ni neno la kurefusha. Tumelizoea kwenye umeme wa nyumbani: soketi iko mbali, unavuta waya, na mwisho wa waya unakuta soketi nne. Soketi ya ukutani ina uwezo mkubwa, ampea 13 kwa volti 230, yaani karibu wati 3,000. Ukichomeka chaji za simu, redio na televisheni kwa pamoja, huoni kama vinagawana chochote. Ndiyo maana neno hili limetujengea imani kwamba kila tundu jipya linakuja na umeme wake kamili.

Habu imetoka kwenye gurudumu. Waingereza waliita hivyo kile kitovu cha katikati, pale spoku zote zinapokutana. Pindua baiskeli uitazame: nguvu inaingia kwa mnyororo, inafika kwenye kitovu, na kutoka hapo inagawanywa kwa spoku. Ukiongeza spoku kumi, mguu unaokanyaga pedeli ni uleule. Wakazi wa Dodoma tunaijua vizuri maana ya kitovu. Mwaka 1973 ilipoamuliwa makao makuu yahamie huku, kuwa katikati ya nchi ilikuwa mojawapo ya sababu. Barabara za Morogoro, Singida, Iringa na Arusha zinakutana hapa, lakini makutano hayalimi mahindi. Yanapokea yaliyoletwa na kuyagawa.

Sasa tazama kinacholetwa. Tundu la USB 2.0 linaahidi miliampea 500 kwa volti 5: wati 2.5 tu. La USB 3.0 linaahidi miliampea 900. Habu ya USB 2.0 isiyo na adapta inaishi kwa zile 500. Yenyewe inatengewa hadi 100, na 400 zinazobaki zinagawanywa, 100 kwa kila tundu. Kipanya na kibodi hushiba kwa kiasi hicho. Diski ya nje inapoanza kuzunguka huweza kuhitaji mara kadhaa ya hapo. Umeme ukielemewa, volti inashuka, habu inazimika na kuwaka upya, na vyote vilivyochomekwa vinapotea nayo. Hata printa inayopata umeme wake ukutani inapotea, kwa kuwa data zake zinapita kwenye habu ileile. Kwa yule dada ilikuwa hivyo hasa: mwanafunzi anakuja na tasnifu ndani ya diski ya nje, anachomeka, printa inatoweka. Tukaihamishia diski kwenye tundu la kompyuta yenyewe, na mpaka naondoka jioni printa haikupotea tena.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu virusi, angalia vitu vinakatikaje. Vikipotea vyote kwa mpigo, shuku habu, waya wake au mzigo ulioubebesha. Kikipotea kimoja, shuku kifaa hicho na waya wake, na usisahau vumbi letu la kiangazi linalojaa kwenye matundu. Vikipotea baada ya kukaa bila kutumika, huenda ni kompyuta inayobana umeme: kwenye Windows, fungua orodha ya vifaa, tafuta habu ya USB, kisha ondoa tiki kwenye ruhusa ya kukizima kifaa ili kuokoa umeme.

Ninaling'ang'ania jina kwa sababu ekstensheni ya USB ipo kweli. Ni waya wenye kichwa upande mmoja na tundu moja upande wa pili, na kazi yake ni kurefusha. Ukiomba ekstensheni dukani, muuzaji makini atakupa huo. Ukichomeka habu mwishoni mwake, umezidisha tatizo, maana waya mrefu na mwembamba hupoteza volti njiani. Kwa USB 2.0, hata waya mzuri kutoka kifaa hadi habu haupaswi kuzidi mita 5.

Basi, dada yangu, na wengine wenye printa, skana na diski za wateja juu ya meza moja, mkifika dukani ombeni "habu yenye adapta yake". Adapta ichomekwe ukutani, ndipo kila tundu lipate umeme usioombwa kutoka kwenye kompyuta. Na ile ya matundu manne iliyokuja bila adapta, iachieni kipanya, kibodi na flashi.