Kwa Nini Surua Hairudi na Malaria Inarudi: Maswali na Majibu Kuhusu Kinga ya Mwili

Siku moja ya chanjo, mama mmoja wa Bombo, hapa Uganda, aliyekuwa na kadi ya mtoto mkononi aliuliza hivi: "Musawo (yaani mganga), mtu akiugua surua mara moja basi imekwisha. Mbona malaria inaturudia kila mvua ikinyesha?" Swali hilo limegusa kiini cha jambo, na ili lijibiwe sawasawa inabidi tuanzie mbali kidogo.

Mwili unajilindaje?

Kila mtu huzaliwa na ulinzi wa kwanza, yaani ngozi, ute wa puani, asidi ya tumboni na seli nyeupe za damu zinazomeza kijidudu chochote kigeni bila kujali ni cha aina gani. Ulinzi huo huamka upesi, lakini hauweki kumbukumbu ya kudumu ya adui mmoja mmoja. Nyuma yake upo ulinzi wa pili, unaojifunza, nao hutegemea seli nyeupe ziitwazo limfosaiti, ambazo ni za aina mbili kuu, B na T. Zote huanzia kwenye uboho wa mifupa, ila za T hukomalia katika thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, ambamo nyingi ya zile zinazoelekea kuushambulia mwili wenyewe huangamizwa kabla ya kuachiwa. Kila limfosaiti hubeba kipokezi cha umbo lake, na kwa kuwa maumbo hayo ni mamilioni kwa mamilioni, karibu kila kijidudu kina seli chache zinazokifaa hata kama mwili haujawahi kukutana nacho.

Seli hizo chache zinapataje habari kwamba adui ameingia?

Mtoto anayecheza pekupeku huchomwa na mwiba, kidonda kikatunga usaha, na baada ya siku mbili tatu mama anapomwogesha huhisi uvimbe kwenye kinena, mgumu kama punje ya harage, ambao mtoto akiguswa hulia. Huo ndio mtoki, na wengi huudhani kuwa ugonjwa mwingine. Kwa kweli ni tezi ya limfu iliyo kazini. Seli walinzi wa ngozi zimemeza vijidudu kidondani, zikavikatakata, zikabeba vipande vyake, viitwavyo antijeni, hadi kwenye tezi hiyo ili kuvionyesha kwa limfosaiti zinazopita. Limfosaiti ambayo kipokezi chake kinaoana na kipande hicho huanza kugawanyika, moja ikawa mbili, mbili zikawa nne, mpaka maelfu ya ukoo mmoja yamejaa humo. Za B hutengeneza kingamwili, protini zinazokiganda kijidudu kisiweze kuingia ndani ya seli. Za T zenye kazi ya kuua huziangamiza seli ambazo virusi vimekwisha kuzivamia. Nazo T saidizi huziamsha na kuziongoza nyingine. Mara ya kwanza kazi hii huchukua wiki moja hadi mbili, na ndiyo sababu mtu huugua kabla ya kupona. (Mtoki unaozidi kukua, au usiopungua kwa wiki kadhaa, uonwe na mhudumu wa afya.)

Mwili unakumbuka kwa muda gani?

Ushindi ukipatikana, seli nyingi za ukoo ule hufa na chache hubaki zikiwa seli za kumbukumbu, zinazomtambua adui yuleyule upesi akirudi. Mwaka 1846 surua iliingia katika visiwa vya Faroe, ambako haikuwa imeonekana tangu mwaka 1781, na daktari Peter Panum aligundua kwamba wazee walioiugua utotoni, miaka 65 nyuma, hawakuipata tena.

Lakini asiwepo mzazi wa kusema kwamba basi ni heri mtoto aiugue. Virusi vya surua huziharibu seli za kumbukumbu zenyewe: utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu watoto wa Uholanzi wasiochanjwa ulionyesha kwamba baada ya surua walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Chanjo, ambayo hapa Uganda hutolewa katika miezi 9 na tena 18, hufundisha mwili bila hasara hiyo.

Na malaria je?

Virusi vya surua havibadiliki sura kwa kiasi cha kuuchanganya mwili. Kimelea cha malaria kinabadilika. Kikiingia ndani ya seli nyekundu ya damu, huweka juu yake protini ya kuishikiza kwenye kuta za mishipa, na kina jeni 60 hivi za protini hiyo, ambazo hutumia moja baada ya nyingine. Kingamwili zikishaitambua moja, vimelea vichache vimekwisha kuvaa nyingine. Tena vimelea vya mbu huyu si lazima viwe na mkusanyiko uleule wa jeni hizo kama vile vya mbu wa jana. Ndiyo maana mkazi wa sehemu zenye malaria nyingi hujenga kinga polepole, kwa kuugua mara nyingi, na hata hivyo kinga yake humpunguzia ukali wa ugonjwa tu, nayo hufifia akihama kwa miaka. Mtoto mchanga hajapata muda huo, na wengi hufa wakiwa bado wanajifunza.

Kwa sababu hiyo, chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa Uganda mwezi Aprili 2025 humlenga adui mapema, katika umbo analoingia nalo kutoka kwa mbu kabla hajafika kwenye ini, na dozi zake ni nne: miezi 6, 7, 8 na 18. Haizuii kila homa, hivyo chandarua kibaki kitandani.

Nilisafiri, mtoto akakosa dozi. Je, aanze upya?

Hapana, mama. Seli za kumbukumbu zilizotengenezwa na dozi za mwanzo bado zipo. Mpeleke kituoni mapema uwezavyo pamoja na kadi yake, naye ataendelea pale alipoishia.