Mnyama wa Kigond husomwa kuanzia ngozini

Wanafunzi wangu wa uchoraji wakikutana na picha ya Kigond, yaani ya Wagond wa India, hukimbilia kutaja wanyama: simbamarara huyu, tausi yule, kulungu pale. Mimi huwaambia wasogee karibu mpaka umbo lipotee machoni na kubaki kile kilichojazwa ndani yake. Kazi yenyewe imo humo.

Mchoraji huanza na mstari wa nje. Mara nyingi mnyama huonekana kwa ubavu, jicho moja limekodolewa. Kivuli hakuna, upeo wa macho hakuna, pengine hata ardhi ya kukanyaga hakuna. Ndani hupakwa rangi bapa, na ikishakauka ndipo brashi nyembamba au kalamu ya wino inapoanza kujaza: nukta, vijistari, magamba, nusu duara, punje kama za mbegu. Muda mwingi wa picha huishia hapo. Kila mchoraji ana ujazo wake, na anayeijua sanaa hii humtambua mwenye kazi kabla hajatafuta jina pembeni.

Wagond ni watu wa India ya kati, nao ni mamilioni. Lakini wachoraji wengi mashuhuri wanatoka kwa Wapardhan, ambao ndio malenga wao. Wapardhan walikuwa wakizunguka kwa wenyeji wao na zeze liitwalo bana, wakiimba nasaba za koo na habari za miungu, nao wakitunzwa kwa nafaka na mifugo. Wafadhili walipopungua, nyimbo zilikosa wa kuimbiwa. Kando ya nyimbo kulikuwa na mapambo ya kuta na sakafu, digna, ambayo wanawake waliyachora kwa udongo wa rangi mbalimbali.

Mambo mawili hayo yalikutana kwa kijana mmoja, Jangarh Singh Shyam, wa kijiji cha Patangarh, jimbo la Madhya Pradesh. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu waliotumwa na msanii J. Swaminathan kukusanya kazi za vijijini kwa ajili ya kituo cha sanaa cha Bharat Bhavan waliona michoro yake, wakamwita aje mjini Bhopal. Huko akapata karatasi na rangi za dukani. Mwaka 1989 kazi zake zilikuwa Paris, kwenye maonyesho ya Magiciens de la Terre alimoshiriki pia mchoraji Chéri Samba wa Kinshasa. Alifariki Japani mwaka 2001, akiwa amekwisha kuwavuta Bhopal ndugu na jamaa wengi na kuwafundisha.

Ndiyo maana huwa nakereka nikisoma kwenye tovuti za wauzaji kwamba hii ni sanaa ya maelfu ya miaka. Nyimbo ni za kale, na kuta zimepambwa tangu zamani. Picha hizi za karatasi na turubai zilianza na Jangarh, na wengi huuita mtindo wenyewe kwa jina lake: Jangarh Kalam. Sioni kwa nini ukweli huo umpunguzie mtu hamu ya kununua.

Asili hiyo ya uimbaji inaeleza mengi kuhusu wanyama wenyewe. Hawakuwekwa pale kujaza nafasi. Kila mmoja ana kazi katika kisa. Chukua kisa cha uumbaji. Bada Dev, mungu mkuu, alijikuta juu ya maji matupu. Akasugua uchafu wa kifua chake, akaufinyanga kunguru, akamtuma kutafuta udongo. Kunguru aliruka hadi akachoka, akatua juu ya kaa. Kaa akazama hadi chini, akamkamata nyungunyungu aliyekuwa ameumeza udongo wote, akambana shingo mpaka akautapika. Buibui naye akatandaza utando juu ya maji, udongo ukapata pa kukaa. Sasa mtazame kaa mkubwa katikati ya picha, amezungukwa na buluu: usipoijua habari hii utadhani ni pambo la ukumbi wa hoteli ya pwani.

Kulungu ndiye nimpendaye zaidi. Pembe zake hupanda, zikagawanyika, zikawa matawi yenye majani na ndege juu yake. Swala wetu huku pembe zake ni za kudumu, lakini kulungu wa India huzidondosha na kuotesha nyingine kila mwaka, kama mti unaopukutisha majani. Kwa watu walioishi jirani na misitu ya Kanha, sidhani kama pembe kuwa mti ni ndoto tu.

Bhajju Shyam, mpwa wa Jangarh, aliwapeleka wanyama hao mbali zaidi. Alikwenda London kuchora kuta za mgahawa, kisha akauchora mji wenyewe: saa ya Big Ben ikawa jogoo, basi la kila siku likawa mbwa mwaminifu, treni ya chini ya ardhi ikawa nyungunyungu. Wenyeji, kwa kuwa hutoka usiku kwenda kunywa, akawafanya popo. Mwaka 2018 alipewa Padma Shri, nishani ya serikali ya India.

Ukitaka kununua, angalia nukta begani na shingoni. Mkono wa mchoraji hufuata mwili: mistari hugeuka kwenye bega, hubanana karibu na jicho, hulegea tumboni. Nakala za kiwandani huwa na nukta zile zile, ukubwa ule ule, kuanzia pua mpaka mkia.