Tripodi ni Miguu, Kichwa ni Kitu Kingine

Nenda gatini Lamu saa kumi na mbili alfajiri, jua likianza kuchungulia upande wa Manda, na hutakosa kumsikia mpigapicha akinung'unika: "Tripodi yangu haishiki." Mtazame. Miguu mitatu imesimama, haijasogea hata unywele. Kamera ndiyo inayoinamia maji polepole kila akiiachia, kama mtu anayesinzia kwenye hotuba ndefu. Tripodi yake inashika vizuri sana. Kisichoshika ni kichwa, na kichwa si tripodi.

Maana yenyewe ni fupi. Tripodi ni miguu mitatu iliyounganishwa juu, ya kuinua kitu na kukituliza. Kichwa ni kifaa kinachokaa kati ya miguu na kamera, kazi yake kuielekeza kamera unapotaka na kuizuia isitoke hapo. Kimoja husimama, kingine hugeuka na kukaza.

Neno tumelipata kupitia Kiingereza, lakini kwao ni Ugiriki: tri ni tatu, na pous, ambalo likinyambuliwa huwa pod-, ni mguu. Wagiriki wa kale hawakuwa na kamera. Tripous yao ilikuwa chungu cha shaba chenye miguu mitatu, au kiweko cha miguu mitatu cha kutegea chungu juu ya moto. Baadaye kikapanda cheo, washindi wa michezo wakazawadiwa, na kule Delphi mwaguzi wa kike akaketi juu yake kutoa utabiri. Asili yake lakini ni jikoni, na jikoni ndiko Mswahili alikolijua jambo hili bila kuvuka bahari. Sisi tuna mafiga. Jifya moja haliinjiki chungu, walisema wazee, na mawili hayainjiki pia. Majirani zetu wa Tanzania wamelipeleka neno hadi kwenye kampeni: kura ya rais, ya mbunge na ya diwani wanaziita mafiga matatu. Hata huko hakuna aliyewahi kuchanganya mafiga na chungu.

Tena katikati ya miguu na mzigo sisi tuna neno la zamani kabisa: kata, ile ngata ya kitambaa au majani anayoiweka mchukuzi kichwani kabla ya kujitwika mtungi. Mchukuzi mwenye miguu ya chuma na kata mbovu atamwaga maji, na hakuna atakayesema miguu yake haishiki. Kichwa cha kamera ni kata.

Kwa nini mitatu na si minne? Kiti cha miguu minne kwenye sakafu ya chokaa ya nyumba ya kale hucheza, mguu mmoja ukibaki hewani mpaka uukunjie karatasi. Miguu mitatu haichezi, sakafu iwe na mabonde namna gani, kwa sababu nukta tatu popote uziwekapo hukaa kwenye bapa moja. Ila kutocheza si kutopinduka. Mafiga hayachezi, lakini chungu kikiegemea nje ya pembetatu yao, mchuzi ni wa paka. Ndiyo maana mguu mmoja wa tripodi huelekezwa mbele, chini ya lenzi, na kwenye mteremko miwili hukaa upande wa chini.

Mkanganyiko umeletwa zaidi na zile tripodi nyepesi za dukani ambazo kichwa chake cha plastiki kimeunganishwa na miguu moja kwa moja. Kikivunjika kitasa, umetupa vyote. Tripodi ya kazi hutenganishwa. Juu ya miguu kuna skrubu ya thumuni tatu za inchi (3/8), inayoingia kwenye tako la kichwa. Juu ya kichwa kuna skrubu ya robo inchi, inayoingia kwenye kamera. Vichwa vidogo vingine vina tundu la robo inchi chini, na hapo skrubu ya miguu huvikwa adapta ya kuipunguza iwe ya robo. Kichwa kikikataa kufunguka usikilazimishe kwa koleo: chungulia chini ya kitako, mara nyingi kuna skrubu ndogo tatu zinazokibana. Zilegeze kwanza, kisha zungusha kinyume cha saa.

Sasa lile neno "haishiki". Kiswahili kina vitenzi vya kutosha vya ubovu, tumevitupa vyote ndani ya kimoja. Ikizama, ikipinduka, ikitetema, ulizia miguu. Ikishuka, ikiteleza, ikijizungusha baada ya kukazwa, ulizia kichwa. Jaribio la dukani halichukui dakika mbili. Toa kichwa, weka kiganja pale miguu inapokutana, sukuma chini kisha sokota kushoto na kulia. Miguu ikijinyonga kama kamba, iache hapo hapo. Rudisha kichwa, funga kamera na lenzi yako ndefu kuliko zote, kaza, kuza picha ya skrini mara kumi ukilenga nukta moja ukutani, halafu achia mikono. Nukta ikipanda juu ya fremu na kubaki huko, kamera imeshuka: ni kichwa, au bamba la chini ya kamera limelegea. Ikitikisika kisha ikarudi palepale, ni miguu.

Kutetema ndiko kunakoharibu picha nyingi pwani, kwa sababu ya upepo. Pale penye Nguzo ya Vasco da Gama, Malindi, mwamba umetokeza baharini na kusi la Julai halina kizuizi. Kinachosaidia hapo ni unene wa bomba la mguu kuliko uzito wa mguu wenyewe. Malighafi na unene wa ukuta vikiwa sawa, bomba la milimita 28 hukataa kupinda karibu mara mbili ya lile la milimita 22, kwa kuwa ukakamavu hupanda kwa mchemraba wa kipenyo. Ndiyo maana tripodi ya vipande vitano vya kujikunja, inayoingia kwenye begi dogo, hutetema: kipande cha chini kimebaki kama kalamu. Vipande vitatu ni vigumu kuliko vinne, vinne kuliko vitano, na bei yake ni urefu unaoubeba kwenye boda. Ukifungua, anza na vipande vinene vya juu, vyembamba viwe vya mwisho. Mchangani pekee ndipo kanuni hii hugeuka, na sababu yake inakuja.

Nguzo ya kati, ile inayochomoka juu pale miguu inapokutana, iachwe chini. Ukiipandisha umesimamisha mguu mmoja juu ya miguu mitatu, na bidhaa nzuri umeigeuza mbovu kwa mkono wako. Kwa hiyo urefu hupimwa bila nguzo hiyo. Mtu wa sentimita 170 macho yake yako kwenye 158 hivi. Toa 10 za kichwa na 9 za kutoka kitako cha kamera hadi kwenye kitazamio, unabaki na 139. Hiyo ndiyo miguu unayohitaji, si ile 165 iliyoandikwa kwenye boksi huku nguzo imechomozwa yote. Ndoano ya chini ni ya kutundikia begi, lakini begi linaloning'inia upepo hulifanya pembea. Liache liguse chini kidogo.

Mchanga wa Shela, ufuo wa Lamu, una fitina zake. Miguu iliyotanuliwa mpaka mwisho kisha ikadidimizwa kwa nguvu husukumana kwenda nje, na panapopasuka ni pale juu inapokutana. Tanua kidogo tu, didimiza mmoja mmoja mpaka ukute mchanga mgumu, ndipo uongeze kutanua. Toa kipande cha chini chote hata kama huhitaji urefu huo, ili kiungo chake kikae juu ya maji na mchanga. Chembe zikiingia kwenye kufuli za kuzungusha utazisikia zikisaga kila ukizifunga. Kufuli za klipu husafishwa kwa urahisi zaidi, lakini hunasa kwenye nyavu na kanga. Wakati wa bamvua usiache tripodi kwenye ukingo wa wimbi kwa picha ya sekunde 30: maji yanaporudi hufukua mchanga chini ya mguu, na miguu huzama katikati ya picha. Ukirudi nyumbani, suuza kwa maji matamu huku vipande vyote vimetolewa, ukaushe kivulini. Nyuzi za kaboni zenyewe hazishiki kutu, lakini zimegundishwa kwenye alumini, na kaboni, alumini na maji ya chumvi zikikutana, alumini ndiyo inayoliwa.

Ndani ya jahazi sahau. Chombo kinachocheza hakina tripodi, yenye kichwa wala isiyo na kichwa.

Tukija kwenye kichwa chenyewe, kuna aina mbili zinazohusu wengi. Kichwa cha gololi kina tufe moja lililobanwa ndani ya kikombe: ukilegeza kitasa kimoja kamera huenda kokote, ukikaza husimama. Ni kidogo, chepesi, cha haraka, na kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, ambako punda mwenye magunia hasubiri mtu, hakina vipini vya kunasa. Gololi hushika kwa msuguano, basi usiitie mafuta hata likikwaruza. Pangusa kwa kitambaa kikavu. Kubwa hushika kuliko ndogo, na kitasa cha pili cha msuguano ni cha lazima ukiwa na lenzi nzito, la sivyo siku utakayolegeza bila kuishika kamera, lenzi itajigonga kwenye mguu.

Kichwa cha vipini vitatu hugeuza upande mmoja kwa wakati: mbele na nyuma, kulia na kushoto, kuzunguka. Ni kizito na hukera safarini, lakini mpeleke mtu ndani ya nyumba ya mawe akapige ukuta wa zidaka uone. Safu za vishimo zimepangwa juu hadi chini, mistari ya wima na ya mlalo kila mahali, na kosa la nusu digrii linaonekana kutoka mlangoni. Kwa gololi, unarekebisha mlalo, wima unakimbia. Unarudisha wima, umezungusha kamera. Kwa vipini, unaweka pimamaji la upande, unakaza, hutaligusa tena. Ndipo unainua au kushusha. Mwanga wa ndani ni hafifu, picha inaweza kuchukua sekunde 4, hivyo tumia kipima muda cha sekunde 2 badala ya kubonyeza kwa kidole. Kama lenzi yako ya zamani ina kituliza mtikisiko, kizime, maana vingine hutafuta mtikisiko usiopo na kuuleta.

Kushuka baada ya kukaza, ile kesi ya gatini, mara nyingi hakutokani na ubovu wa kichwa peke yake. Lenzi ndefu imefungwa kwa kamera, kamera imefungwa kwa kichwa, uzito wote umetokeza mbele. Lenzi ina pete yenye mguu wake kwa ajili hiyo: ifunge kwa mguu huo, uzito ukae juu ya gololi. Bamba la chini ya kamera la mtindo wa Arca-Swiss (jina la kampuni), lenye upana wa milimita 38 hivi, hukuruhusu kulitelezesha mbele na nyuma mpaka ukute mizani.

Na ile "inabeba kilo 10" ya kwenye boksi? Ya nani, miguu au kichwa? Hakuna kipimo kimoja kinachofuatwa na watengenezaji wote, na mara nyingi namba hiyo hueleza mzigo usioangusha kitu, si mzigo unaotulia. Kamera na lenzi vikiwa kilo 2, tafuta kichwa kilichoandikwa 6, na namba ya miguu iulize kivyake. Mwenye duka akikupa moja tu, amekupa ile inayompendeza.

Basi, ndugu yetu wa gatini, huna haja ya kununua tripodi mpya. Fungua ile skrubu ya thumuni tatu, badilisha kilichoko juu, miguu uendelee nayo. Na ukienda dukani taja jina lake kamili, kichwa cha kamera. Ukisema tu "kichwa changu hakishiki," wazee waliokaa barazani watakuandikia kombe unywe.