Dohani si tundu la moshi

Dohani ni njia ya moshi iliyosimama wima, iliyozibwa pande zote, inayoanzia kwenye jiko na kuishia juu ya paa, na ambayo huvuta moshi na hewa ya moto kutoka motoni ikaimwaga nje. Maana ni hiyo. Ningeishia hapo lau neno lenyewe lisingekuwa linabandikwa kila chenye tundu: dirisha dogo la jikoni ni dohani, tofali mbili zilizoachwa wazi karibu na dari ni dohani, hata kile kibati cha kukinga mvua nacho kimeshakuwa dohani.

Juzi nilikwenda Wete, Pemba, kumtazama mama mdogo. Anapika vitumbua na mikate ya kumimina ya kuuza, na baada ya miaka mingi ya mafiga matatu amechomelewa jiko la kuni la chuma: miguu minne, mlango mbele, matundu mawili ya sufuria juu. Jiko zuri kwa kweli. Kwa nyuma limetiwa bomba, bomba limepigwa kona, likatoboa ukuta kwenye kimo cha bega, likachungulia nje kiasi cha shubiri moja, chini ya makuti ya upenu. "Dohani tayari, bi mkubwa," fundi alimwambia, akachukua ujira wake akaenda. Mama mdogo akawasha. Moshi ukatoka mlangoni, ukatoka kwenye matundu ya sufuria, ukatoka kila mahali isipokuwa kwenye bomba. Nilipofika macho yake yalikuwa mekundu, na yeye analaumu kuni.

Kuni hazikuwa na kosa. Kosa lilianzia kwenye neno, na ndiyo maana naandika haya.

Dohani tumeitoa katika Kiarabu, dukhan, na dukhan maana yake ni moshi wenyewe. Kila aliyepita chuoni anaijua Surat Ad-Dukhan, sura ya 44, na hakuna mwalimu aliyewahi kuifasiri kuwa ni sura ya bomba. Waarabu wakitaka kutaja njia ya moshi husema madkhana: huichukua mizizi ileile na kuitia mimu mbele, kama walivyofanya kwenye maktaba na madrasa, likawa jina la mahali au chombo cha jambo. Sisi hatukuichukua madkhana. Tulichukua jina la moshi tukaivisha njia yake. Si ajabu, lugha zote hufanya hivyo, na neno limekaa vizuri kinywani. Wazee waliokuwa wakingojea meli kwenye bandari ya Mkoani waliitambua meli kwa dohani yake kabla hawajaliona jina. Kamusi za zamani zinataja hata dohani nyingine, tenga refu jembamba la vijiti na makuti la kupelekea matunda sokoni. Naamini tenga hilo liliitwa hivyo kwa umbo lake, maana lilisimama wima kama dohani ya meli. Na hapo pana ushahidi ninaoupenda: mtu aliyelibandika tenga lile jina hilo hakufikiria moshi hata kidogo, alifikiria kitu kirefu kilichosimama. Urefu na kusimama vilikuwa ndani ya neno. Sisi wa leo tumevitoa tukabakisha tundu.

Waajemi wao wana neno linalonifurahisha kuliko yote. Dohani wanaiita dudkash. Dud ni moshi, kash ni kuvuta. Kivuta-moshi. Neno zima limekaa juu ya kazi ya chombo, na kazi ya chombo ni kuvuta. Kwa kuwa lugha yetu ilichukua upande wa moshi peke yake, mtu anayesikia "dohani" hufikiri mambo ni mepesi: moshi upo ndani, nautaka nje, natoboa tundu. Lau tungekuwa tunasema kivuta-moshi, fundi angelijiuliza kabla ya kukata chuma: hiki nilichotia kinavuta kwa nguvu gani?

Sasa tuje kwenye bomba, maana ndilo linalochanganywa nalo kila siku. Bomba ni neno la Kireno, na kwa Wareno ni pampu, chombo cha kusukuma. Kwetu limechukua maana ya pampu na maana ya mrija pia, la maji, la sindano, na la moshi. Hakuna ubaya. Lakini mrija mtupu hausukumi wala hauvuti. Bomba ni kifaa unachonunua au kukunjisha kwa fundi bati, dohani ni kile bomba linachokuwa likishasimamishwa sawasawa. Unaweza kuwa na mabomba kumi nyuma ya nyumba na usiwe na dohani hata moja.

Inavuta vipi? Hewa ikipata moto hutanuka, ikawa nyepesi. Ndani ya bomba lililosimama unapata nguzo ya hewa nyepesi, na nje kuna hewa ya kawaida, nzito zaidi. Ile nzito huingia chini, mlangoni mwa jiko, ikaipandisha ile nyepesi hadi itoke juu. Nguzo ikiwa ndefu, mvuto ni mkubwa. Ikiwa fupi, mvuto ni mdogo. Bomba likilazwa, hakuna nguzo. Ndiyo siri yote. Kwa majiko ya kuni ya ndani, miongozo ya Uingereza hutaka kwa kawaida dohani isipungue mita 4 na nusu, kipenyo cha milimita 150 kwa majiko mengi, na isiwe nyembamba kuliko tundu la kutolea moshi la jiko lenyewe. Kona ziwe chache, na ziwe za kulala nusu, nyuzi 45, si kona kali. Bomba la mama mdogo lilikuwa na kona moja kali na urefu wa kusimama usiofika mkono.

Na sisi visiwani tunahitaji mvuto huo kwa uangalifu zaidi. Katika nchi za baridi hewa ya nje ni nzito sana na dohani huvuta kwa raha. Pemba saa saba mchana nje ni joto, tofauti ya ndani na nje hupungua, na jiko likiwa bado baridi moshi hubaki unababaika. Dawa yake ni kuanza na moto mdogo mkali, karatasi na vijiti vikavu au vifuu viwili vitatu, bomba lipate joto kwanza, ndipo utie magogo. Halafu kuna upepo. Tundu la ukutani linalotazama kusini litapigwa na Kusi miezi yote ya kipupwe, na upepo unaogonga ukuta hurudisha moshi ndani. Ukilihamishia ukuta wa pili, unalikabidhi kwa Kaskazi. Tokeo lililo juu ya paa peke yake ndilo lisilojali msimu. Kanuni inayofuatwa sana Marekani inasaidia hapa: tokeo lipite pale linapotobolea paa kwa sentimita 90 angalau, na liwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilichomo ndani ya mita 3. Ukiwa na mwembe ulioinamia jikoni, basi upime na matawi yake.

Juu ya paa ndipo penye hatari, na hapa naomba nisikilizwe vizuri. Bomba la bati moja likifanya kazi huwa moto wa kuunguza. Linatakiwa likae mbali na kila kinachoshika moto, sentimita 45 kwa kipimo cha kawaida, na kinachoshika moto ni pamoja na boriti, pau, fito, mlango, na kanga iliyoanikwa. Wengi husahau ukuta. Nyumba ya udongo ukiitazama utaona udongo, lakini ndani yake kuna fito na miti iliyofungwa, mikavu ya miaka thelathini. Bomba likipita hapo bila nafasi, ukuta unaweza kufukuta ndani kwa ndani usiku mzima kabla hujaona kitu. Pale bomba linapovuka dari au paa, panatakiwa kipande cha kuta mbili chenye kinga ya joto katikati, kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, na nafasi iliyoelekezwa iachwe wazi pande zote. Kulizungushia saruji hakutoshi.

Paa la makuti mimi nalisema waziwazi: usilitoboe. Uingereza, ambako wana mapaa ya nyasi, hutaka dohani ipande mita 1.8 juu ya uso wa paa la namna hiyo, na bado nyumba huungua. Kwetu dawa nyepesi ipo, na wazee waliijua. Jiko likae uani, kwenye banda lake la bati, mbali na nyumba. Lile bomba la Wete lililokuwa likipumulia makuti ya upenu, nashukuru lilikuwa halivuti. Lingevuta vizuri lingepeleka cheche moja kwa moja kwenye makuti.

Kuhusu chuma nitapita haraka. Bati la zinki halifai kuwa bomba la karibu na jiko, kwa kuwa likipata joto kali ile zinki huharibika na kutoa moshi wake wenye madhara. Hewa ya chumvi inakula chuma cha kawaida kwa haraka, kwa hiyo anayeweza atafute chuma kisichoshika kutu, na asiyeweza alikague bomba kila baada ya masika akilibonyeza kwa kidole. Vipande viunganishwe ncha nyembamba ikiangalia chini, ili maji meusi ya moshi yarudi jikoni yasivuje nje. Maji hayo, pamoja na masizi ya kunata kama lami, hutokana na kuni mbichi, na makumbi yaliyolowa ni hatari zaidi. Yakikauka ndani ya dohani huwa kuni zenyewe, na siku yakishika, dohani nzima inaunguruma. Kwa hiyo kuni zikae juani au chini ya paa mpaka zikauke kweli, na dohani ipigwe brashi mara moja kwa mwaka, mara mbili kwa anayepika kila siku kama mama mdogo.

Kuna jambo jingine ambalo neno letu linalificha, nalo ndilo linalonikosesha usingizi. Kwa kuwa dohani ni jina la moshi, watu huamini kwamba pasipo moshi hapana haja ya dohani. Ndiyo maana mtu anaingiza seredani ya makaa chumbani usiku wa mvua, akafunga dirisha, kwa amani kabisa: makaa yameshakolea, hayatoi moshi. Lakini makaa mekundu hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Anayeivuta huumwa kichwa, hulegea, akalala, na huenda asiamke. Jiko la kuni nalo huitoa, hasa moto unapobanwa ulale polepole. Dohani inayovuta ndiyo inayoitoa nje, moshi uonekane usionekane. Na ili ivute, chumba nacho kiwe na mahali pa kuingizia hewa. Hapo ndipo zile tofali mbili zilizoachwa wazi zina kazi yake. Zinalisha moto hewa. Si dohani, ni mwenzake dohani, na kuwa nazo hakukuondolei haja ya dohani.

Hata jiko banifu limeingizwa kwenye mkanganyiko huu. Banifu inatokana na kubana, na kinachobanwa ni kuni. Jina halijaahidi lolote juu ya moshi. Yapo majiko banifu yenye dohani na yapo yasiyo nayo, na muuzaji akikwambia "hili banifu, halina shida ya moshi," muulize bomba linaishia wapi.

Nilipomaliza kumweleza mama mdogo, akaninyamazia kidogo kisha akauliza, "Kwa hiyo hichi mwanangu nikiite nini?" Nikamwambia akiite bomba, na asiliwashe mpaka jiko lihamie banda la uani. Jioni fundi akaja, kijana mwenye adabu, akasalimia kabla hajavuka kizingiti. Nikamsifu kwa haki, viungo vyake havina ufa. Nikamwambia, "Bomba umelitengeneza vizuri, fundi. Sasa tulisimamishe, lipande lipite bati, ndipo tuliite dohani." Akalitazama, akatazama juu, akaanza kupima kwa macho.