Haiba, kikao cha ukoo na tiba: maneno niliyochoka kuyasikia

Kila Januari, mabasi yakishawarudisha watu Dar, huwa najua kabisa maneno yatakayoingia ofisini kwangu hapa Moshi. Krismasi imepita, ukoo ulikutana, kijana mmoja alilipuka mbele ya wageni, akatishia kufa, akakalishwa kikao sebuleni. Sasa analetwa na mama yake na baba mkubwa, na baba mkubwa ndiye msemaji: "Daktari, tumeongea naye mno. Mchungaji naye ameongea. Wewe utamwambia nini kipya?"

Hakuna. Kama matatizo ya haiba, yaani namna ya kudumu ya kuhisi, kufikiri na kuhusiana na watu inayomuumiza mtu na walio karibu naye, yangetibika kwa kuambiwa, wateja wangu wengi wangekuwa wamepona tangu darasa la saba. Hii dhana kwamba mwanasaikolojia ni mtoa nasaha mwenye subira kidogo kuliko shangazi ndiyo inayoniharibia kazi kuliko nyingine zote. Familia inakuja mara tatu, inaona sijamkemea mtu, inaondoka ikisema tiba imeshindwa.

Chukua bodalaini, tatizo la haiba ambalo hisia hupanda ghafla na mtu huogopa mno kuachwa, maana ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Mwenye tatizo hili anajua vizuri kwamba hakupaswa kumtukana mchumba wake saa saba usiku. Anajua kuliko nyinyi mnaomwambia. Asichokiweza ni kukaa na ile hofu ya kuachwa kwa dakika ishirini bila kufanya lolote, na uwezo huo hauji kwa kuhubiriwa. Nani aliwahi kujua udereva kwa kuambiwa "usigonge"?

Ndiyo maana katika DBT (dialectical behaviour therapy), tiba ya mazungumzo na mazoezi ya stadi aliyoibuni mwanasaikolojia Marsha Linehan kule Marekani, mteja anajaza kadi kila siku: hasira ilipanda kiasi gani, hamu ya kujiumiza ilikuwaje, alitumia stadi ipi. Tukikutana tunachagua tukio moja na kulifumua hatua kwa hatua. Mchumba hakupokea simu. Kabla ya hapo je? Alikuwa hajala tangu asubuhi, na usiku uliopita hakulala. Simu ilipokatika, likaja wazo: ameshanichoka. Kifua kikabana. Yakafuata matusi, nafuu ya dakika chache, halafu aibu ya siku mbili. Kila hatua tunaiuliza: hapa palikuwa na njia gani nyingine? Halafu njia hiyo tunaifanyia mazoezi palepale, kwa sauti, hata kama mteja anaona haya. Mpango kamili kwa kawaida ni wa mwaka mzima: miadi ya ana kwa ana kila wiki, darasa la stadi kwa kikundi kila wiki, na ruhusa ya kumpigia mtaalamu kabla mambo hayajaharibika. Katika jaribio la kwanza, lililochapishwa 1991, wanawake waliotibiwa hivi walijiumiza mara chache zaidi na wakalazwa siku chache zaidi kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Stadi ninayoing'ang'ania mimi, mpaka wateja wananitania, ni beseni la maji baridi. Unainama, unazuia pumzi, unazamisha uso kwa sekunde kama thelathini. Mapigo ya moyo yanashuka na unapata upenyo wa kufikiri. Maji ya bomba ya Moshi asubuhi ya Julai hayahitaji hata barafu. Mwenye ugonjwa wa moyo asijaribu kabla ya kumuuliza daktari wake.

Na familia ikiniuliza ifanye nini, najibu: kabla ya nasaha yoyote, anza na "naona umeumia." Kusema hivyo si kuyabariki matusi. Akina baba wakubwa huona ni kudekeza. Nawaomba wajaribu wiki mbili tu, na wavumilie kunyamaza.

"Ndivyo alivyo, habadiliki." Si kweli. Mtafiti Mary Zanarini na wenzake walifuatilia wagonjwa 290 wa bodalaini waliowahi kulazwa, na katika matokeo ya miaka kumi yaliyochapishwa 2010, asilimia 93 walikuwa wamepata nafuu ya dalili iliyodumu angalau miaka miwili. Ila waliofika mahali pa kuwa na kazi na mahusiano yaliyotulia pia walikuwa nusu tu, kwa hiyo msije mkaniambia nimeahidi miujiza.

"Mpe vidonge atulie." Hakuna dawa ya bodalaini yenyewe. Mwongozo wa 2009 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unasema wazi dawa zisitumike mahususi kwa tatizo hilo, na unaonya pia dhidi ya tiba fupi za chini ya miezi mitatu. Akiwa na sonona juu yake, hiyo sonona inatibiwa kivyake. Diazepamu (dawa ya kutuliza) ya kununua dukani ni kujitafutia tatizo la pili.

"Amerogwa." Sigombani na kanisa wala msikiti. Kaombewe Jumapili, Jumanne njoo na kadi yako.

"Mume wangu ni narsisisti, nimeona TikTok." Yaani ana tatizo la haiba la kujiona mkuu kuliko wote. Mama, huenda ni mbinafsi tu. ICD-11, uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ulioanza kutumika 2022, umeachana na jina hilo pamoja na karibu yote ya zamani. Kinachopimwa sasa ni ukali wa tatizo, na linatarajiwa liwe limedumu kama miaka miwili au zaidi. Na mtu ambaye hayupo mbele yangu simpimi.

"Anatishia kufa ili aonewe huruma, ukimuuliza utampa wazo." Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo la kujiua. Muulize waziwazi: unafikiria kujiua? Akisema ndiyo, ondoa sumu ya shambani na vidonge vyote hapo nyumbani, usimwache peke yake, na usisubiri miadi yangu. Mpeleke usiku huohuo hospitali ya Mawenzi au KCMC, na kama mko Arusha, hospitali ya Mount Meru.