Ndoo kichwani, nyota kwenye kioo: kumbukumbu inavyouongoza mwili

Mtazame mwanamke anayetoka kisimani na ndoo ya maji kichwani. Njia ina mawe, mtoto anamvuta kanga. Shingo inapinda huku, kiuno kinarudi kule, hakuna hatua mbili zinazofanana, na ndoo imetulia. Anachokilinda ni ule uzito uliokaa sawa utosini. Ukiyumba kidogo tu, mwili unaurudisha.

Hivyo ndivyo William T. Powers wa Marekani alivyoeleza mwenendo wa viumbe mwaka 1973: tunatenda ili tunachokihisi kilingane na tunachokitaka. Na hicho tunachokitaka, alisema, hutoka kwenye kumbukumbu. Ni hisia ya zamani inayorudi kuwa lengo.

Watafiti wa ubongo wamepita njia nyingine. Wao hutafuta kumbukumbu inakaa wapi, na viungio vya seli za neva huimarika vipi. Wapo wanaoona pande hizi hazipatani. Mimi naona zinapatana, na ushahidi wangu ni Henry Molaison.

Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, alipasuliwa ubongo huko Hartford, Marekani, ili kifafa chake kitulie. Sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kuweka kumbukumbu mpya, iliondolewa, kulia na kushoto. Tangu hapo, mtu mpya aliyezungumza naye akitoka chumbani kidogo, akirudi alikuwa mgeni tena. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa penseli apitishe mstari katikati ya kingo mbili za nyota, huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu. Ukisukuma mbele, kioo kinakuonyesha unarudi nyuma. Siku ya kwanza alikosea sana. Siku ya tatu mstari ulipita vizuri, naye hakukumbuka kuwahi kuifanya kazi hiyo.

Hapa ndipo nadharia hizi zinapokutana. Lengo la Molaison lilikuwa mbele ya macho yake muda wote, hakuwa na haja ya kulikumbuka. Kilichojirekebisha ni mapatano ya jicho na mkono, na hayo hayakuitegemea hipokampasi.

Kwa hiyo, wewe unayemuuguza mzazi aliyeanza kusahau, punguza kumuuliza jana mlikula nini. Mwekee unga na maji mbele yake, akande chapati. Mara nyingi, hasa ugonjwa ukiwa bado mchanga, vidole vyake vitalijua donge lililolainika. Wewe kaa karibu na jiko.