Aliir Aliir, beki anayemwacha mtu wake

Muulize shabiki yeyote wa soka kazi ya beki wa kati, atakwambia ni kumganda mshambuliaji mpaka akose pumzi. Kwenye futiboli ya Australia, mchezo ninaouchambua, Aliir Aliir amejipatia jina kwa kumwacha mtu wake na kuufuata mpira.

Sheria moja kwanza. Mpira ukipigwa teke ukasafiri angalau mita 15, nawe ukaudaka kabla haujagusa chini wala mtu mwingine, ni wako, na unaupiga bila kubughudhiwa. Kwa hiyo beki akidaka pasi ndefu ya wapinzani, shambulizi linageuka papo hapo. Wengi huridhika kuupiga ngumi. Ni salama, ila mpira unabaki wa kugombaniwa.

Sasa mtazame Aliir. Mpigaji akishainamisha kichwa ili apige, hawezi tena kubadili mawazo, na hapo ndipo Aliir anapochomoka. Hatua mbili tatu za pembeni, na mpira unapofika yeye keshapaa. Akikosea hesabu, nyuma kabaki fowadi peke yake na nguzo, na bao ni pointi 6. Kocha asiye na moyo hawezi kumruhusu.

Alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, kwa wazazi kutoka Sudan Kusini ya leo, akakulia Brisbane, Australia. Klabu ya Sydney Swans walimchukua kwenye drafti ya 2013, yaani zamu za klabu kuchagua wachezaji wapya, akiwa chaguo la 44, akitokea klabu ya East Fremantle. Akasubiri mpaka 2016 ndipo akacheza mechi ya kwanza. Mwaka huohuo akaumia goti kwenye mechi ya mwisho kabla ya fainali kuu, akaikosa fainali hiyo ambayo Swans walifungwa na Western Bulldogs.

Mwishoni mwa 2020 akahamia klabu ya Port Adelaide, na msimu wake wa kwanza tu, 2021, akaingia timu bora ya mwaka ya ligi nzima. Kwa maoni yangu, kipaji kilikuwepo tangu Sydney. Port walichompa ni ruhusa ya kumwacha mtu wake.

Uchezaji huu una hatari zake kwa mwili. Mwaka 2023, kwenye debi dhidi ya Adelaide, aligongana kichwa na mwenzake Lachie Jones, kisha akarudishwa uwanjani bila kipimo kamili cha mtikisiko wa ubongo. Ligi iliitoza Port faini ya dola 100,000, nusu yake ikiwa imesitishwa, ya kulipwa tu wakirudia kosa.